Maswali ya Wasomaji: Gololi, Ngozi na Bunduki za Upepo za Zamani

Barua za mwezi huu zimetoka Kiomboi, Kongwa, Kondoa, Chamwino na mitaa ya hapa mjini Dodoma. Karibu zote zina bunduki ya upepo ndani yake: ile ya babu iliyolala darini miaka nenda rudi, au ile ya mwanzi iliyotufanya tuchapwe shuleni.

Kuna neno moja linalowahusu wote wenye bunduki za chuma. Silaha hapa nchini zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Usijiamulie mwenyewe kwamba yako ni kitu cha kuchezea. Nenda kituo cha polisi ukaulize, bunduki yenyewe ikiwa imebaki nyumbani. Usiibebe mkononi ukipita nayo sokoni, maana kwa mtu aliye mita 20 haina tofauti na bunduki ya kweli. Majibu yaliyo hapa chini ni kwa ambao wameshamaliza hatua hiyo.

Nimerithi kwa marehemu babu bunduki ndogo ya upepo yenye mkono wa kukokea chini ya kifyatuo. Imeandikwa DAISY, na chini yake PLYMOUTH, MICH. Tulipokuwa watoto ilitoboa kopo la maziwa. Siku hizi gololi inadondoka mita tatu mbele. Fundi baiskeli anasema springi imechoka na anataka kuifungua. Gololi zake za asili zilikwisha, tunatumia za baiskeli. — J.M., Kiomboi

Ndugu J.M., mwambie fundi aweke bisibisi chini kwanza.

Tuanze na umri wake. Kiwanda kilichoitengeneza kilianzishwa mwaka 1882 huko Plymouth, jimbo la Michigan, Marekani, na kazi yake ilikuwa kutengeneza vinu vya upepo vya kupandishia maji. Mwaka 1888 kikaanza kuwapa wakulima bunduki ya upepo kama zawadi ya kununua kinu. Zawadi ikapendwa kuliko bidhaa, na mwaka 1895 kampuni ikabadili jina kabisa na kuitwa Daisy. Mwaka 1958 ilihamia Rogers, Arkansas. Kwa hiyo yenye neno Plymouth ni ya kabla ya kuhama, na yenye neno Rogers ni ya baadaye. Iramba ilikuwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Marekani kwa miaka mingi, basi si ajabu Daisy kuonekana Kiomboi wakati Kongwa zinaonekana za Kiingereza.

Sasa ugonjwa wake. Ndani ya bomba kuna pistoni inayosukumwa na springi, na kichwani mwa pistoni kuna kikombe cha ngozi. Ni ngozi ya aina ile ile iliyo ndani ya pampu ya baiskeli. Na nyote mnajua pampu inafanyaje kiangazi kikikolea: unasukuma, mkono unakwenda, upepo haupo. Ngozi imekauka, imesinyaa, haigusi tena ukuta wa bomba. Bunduki iliyokaa darini chini ya bati, katika hewa kavu ya Singida na Dodoma, inapatwa na jambo hilo hilo. Springi huwa nzima kabisa, ila inasukuma pistoni inayovuja.

Dawa ni kuilisha ngozi mafuta bila kufungua kitu. Tafuta oili ya injini ya kawaida, namba 30 kama ipo. Oili ya pikipiki inafaa pia. Tazama juu au ubavuni mwa bomba kama kuna tundu dogo lenye neno OIL. Likiwepo, dondoshea matone 5 hapo. Kama halipo, simamisha bunduki kitako chini, mdomo juu, na udondoshee matone hayo mtutuni ili yateremke mpaka kwenye pistoni. Iache imesimama hivyo usiku kucha. Asubuhi ikoki na kuifyatua mara nne au tano kuelekea mahali salama, kisha ongeza matone 3 na usubiri usiku mwingine. Ngozi iliyokauka miaka 30 hainywi kwa siku moja, kwa hiyo wengi wanaokata tamaa siku ya kwanza wangefanikiwa siku ya tatu. Baada ya hapo tone moja au mawili kila baada ya risasi mia tano hivi yanatosha.

Usitumie samli wala mafuta ya kupikia. Yanavunda, yanaganda kama gundi, na vumbi letu likishanata humo umepata msasa ndani ya bomba. Mafuta ya taa nayo, pamoja na dawa za kupuliza za kulegeza nati zenye kutu, huosha mafuta yote yaliyomo kwenye ngozi na kuiacha kavu kuliko mwanzo. Ukiona moshi mwembamba ukitoka mdomoni kila unapofyatua, umezidisha oili. Subiri, utaisha.

Ikiwa siku tano zimepita na bado ni dhaifu, sikiliza mkono wa kukokea. Ukiwa mgumu vizuri mpaka mwisho na bunduki inapiga "tak" ya nguvu lakini upepo ni kidogo, ngozi imechanika au imeoza, na hapo ndipo kufungua kunapohitajika. Mkono ukiwa mlegevu, au ukikwaruza katikati ya safari, springi imevunjika. Upepo ukitoka kwa nguvu lakini gololi haitoki, tatizo ni gololi iliyonasa au ule mrija mwembamba ulio mbele ya pistoni. Mrija huo ndio unaoisukuma gololi kutoka mahali ilipokaa, na upepo unafuata nyuma yake. Unapinda kwa urahisi, na anayeupinda karibu kila mara ni mtu aliyechokoa mtutu kwa spoku ya baiskeli akitafuta gololi iliyokwama. Kwenye Daisy nyingi za zamani mtutu wa ndani unafunguka kwa mkono, kwa kuuzungusha mdomoni kinyume cha saa. Utoe, uuchungulie ukiwa umeuelekeza kwenye mwanga, na uusukume uchafu kwa kijiti cha mti ukiwa nje ya bunduki.

Sasa gololi za baiskeli, na hapa fundi wako amekuponza. Gololi ya chuma ya bunduki hizi ina kipenyo cha karibu milimita 4.4 na uzito wa theluthi moja ya gramu. Havu ya mbele ya baiskeli kwa kawaida ina gololi za inchi 3/16, yaani milimita 4.76, nazo zitanasa. Gololi za pedeli ni inchi 5/32, yaani milimita 3.97. Hizo zinapita, lakini zimebaki na nafasi ya karibu nusu milimita, na upepo wote unapita pembeni. Ukiinamisha bunduki zinabingirika zenyewe hadi nje. Huenda nusu ya udhaifu unaoulalamikia ni hilo tu. Isitoshe, chuma cha beringi kimekazwa kwa moto: hakibonyei, kinakwaruza mtutu laini na kinaruka vibaya kikigonga kitu kigumu. Nunua gololi zilizotengenezwa kwa bunduki za upepo, zenye maandishi ya .177 au milimita 4.5 na neno BB kwenye kopo. Bunduki za kabla ya miaka ya 1920 zilitengenezewa gololi za risasi nyeusi, ile metali laini, ambazo ni kubwa kidogo, milimita 4.45. Hizo za chuma huweza kulegea ndani ya bunduki za namna hiyo, lakini yako yenye mkono wa kukokea huenda si ya zamani kiasi hicho.

Kuna mambo mawili ya kuangalia kabla hujampa mtoto. Kwanza, mkono wa kukokea ukiwa wazi, usiguse kifyatuo. Springi ikiachiwa, mkono unarudi kama mtego wa panya na kidole kilicho katikati kinavunjika. Ushike mkono huo kwa nguvu mpaka ufungwe. Pili, bunduki hizi hubeba gololi mamia tumboni, na moja hujificha pembeni, haishuki hata ukitikisa. Unafyatua mara tatu unapata upepo mtupu, mara ya nne gololi inatoka. "Haina kitu" ni maneno yasiyokubalika kwa chombo hiki.

Mahali pa kulenga paandaliwe hivi: katoni iliyojazwa magazeti yaliyobanwa, na mbele yake blanketi chakavu likining'inia huru bila kuvutwa. Blanketi linalocheza ndilo linalomeza gololi. Lililokazwa huirudisha. Simama mita 5, vaa miwani, na asiwepo mtu nyuma ya katoni. Usilenge tofali, bati, wala yale mawe yetu makubwa yaliyozagaa kila kilima, kwa sababu gololi ya chuma hurudi moja kwa moja kwa aliyeipiga, na jicho haliwezi kuistahimili.

Bunduki yetu ya upepo inakunjwa mtutu kuikoki. Ina picha ya mwanamke aliyeinua bunduki, jina DIANA, namba 22, na maneno MADE IN GREAT BRITAIN. Mzee mmoja anasema Diana ni ya Mjerumani, kwa hiyo hii ni ya bandia. Nilipata vidonge vya .22 lakini haviingii. Tena ikifyatuliwa, upepo unanipiga usoni. — Msomaji, Kongwa

Mzee yuko sahihi nusu. Diana ilianza Ujerumani, mji wa Rastatt, mwaka 1890. Baada ya Vita vya Pili, jina na mitambo vilichukuliwa na Uingereza kama fidia ya vita, vikaenda kwa kampuni ya Milbro huko Motherwell, Uskoti. Kwa hiyo kwa miaka zaidi ya 30 kulikuwa na Diana halali za Kiingereza, huku Wajerumani wakilazimika kuuza zao Uingereza kwa jina jingine. Yako si bandia. Na kwa Kongwa hilo linaeleweka: mradi wa karanga wa 1947 hadi 1951 ulileta Waingereza kwa mamia na masanduku yao.

Namba 22 hapo ni ya modeli, kama vile Land Rover namba fulani. Si kipimo cha risasi. Kipimo chake ni .177, milimita 4.5. Ulipojaribu kukishindilia kidonge cha .22, yaani milimita 5.5, natumaini hukutumia nyundo. Kwa bunduki hii tumia vidonge vya risasi nyeusi vyenye umbo la kiuno, vyenye kichwa bapa au cha mviringo. Gololi za chuma usizitie kamwe, kwa sababu kama mtutu una mifereji ya ndani zitaisaga. Na vidonge vya risasi nyeusi ni sumu: usivishike mdomoni kama tulivyozoea kufanya utotoni ili mikono iwe huru. Nawa kwa sabuni ukimaliza.

Upepo usoni ni washa ya ngozi iliyo kwenye maungio, pale mtutu unapokutana na bomba. Ipime hivi: weka kidonge, elekeza kwenye katoni, laza kipande chembamba cha karatasi ya choo juu ya maungio, kisha fyatua. Karatasi ikiruka, washa imekufa.

Kuibadilisha ni kazi ya nusu saa. Kunja mtutu, na uushikilie muda wote, au mwenzako aushikilie, kwa sababu kifyatuo kikiguswa utafunga kwa kishindo. Ng'oa washa kuukuu kwa sindano nene ya kushonea magunia. Utapata shimo la duara kuzunguka tundu la upepo. Pima upana na kina chake. Nenda kwa fundi viatu umwombe kipande cha ngozi ya ng'ombe ya soli, kwa sababu ya mbuzi ni nyembamba na laini mno. Kata duara, toboa katikati tundu lililo pana kidogo kuliko tundu la upepo, na hakikisha unene unazidi kina cha shimo kwa milimita 0.3 hadi 0.5 hivi. Ichovye kwenye oili usiku mzima, ipanguse, ishindilie kwa kidole gumba. Ikizidi unene, mtutu hautafunga sawasawa na utapiga chini ya shabaha. Ikipungua, upepo utaendelea kukupiga. Inahitaji kujaribu mara mbili au tatu, na ngozi ni ya shilingi chache, kwa hiyo kata tatu kabisa.

Tofauti na Daisy, hii usiimwagie oili mtutuni ovyo. Bunduki yenye mgandamizo mkubwa hulipua mvuke wa oili kama injini ya dizeli: unasikia mlio kama wa fataki, moshi unatoka, na watoto wanashangilia. Wanachoshangilia ni ngozi na springi yako vikifa. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye pini ya maungio na jingine kwenye kifyatuo, basi. Ndani ya bomba tumia silikoni ikipatikana, tone moja kwa mwaka. Na usiifyatue ikiwa tupu. Kidonge kinachosukumwa ndicho kinachoacha mto wa hewa mbele ya pistoni. Bila kidonge pistoni inagonga chuma kwa chuma.

Springi ikivunjika, usifungue kwa kushika mkononi. Ndani imebanwa tangu kiwandani hata kama bunduki haijakokiwa, na kitu cha kwanza kutoka ukifungua pini ya nyuma kitakuwa kipande cha chuma kikiruka kuelekea kifuani kwako. Seremala ana klampu ndefu ya kubania mbao. Bunduki ilazwe humo, mdomo upande mmoja na kitako cha bomba upande mwingine, ibanwe kidogo, pini itolewe, kisha klampu ilegezwe taratibu mpaka springi iishiwe nguvu. Ipime unene wa waya, upana wa nje, urefu na idadi ya mizunguko kabla ya kuagiza nyingine. Wapo wanaogeuza vipande viwili vya springi iliyovunjika na kuvirudisha ndani. Inafanya kazi kwa mwezi mmoja, huku ikikwaruza bomba.

Nimekuta ya shangazi stoo, ina kutu tupu. Niipige msasa na kupaka rangi nyeusi? — K., Kondoa

La. Rangi ya kopo na msasa ndivyo vitu viwili vinavyoondoa thamani yake yote siku moja, kwani maandishi yanafutika. Paka mafuta ya cherehani, acha siku mbili, sugua polepole kwa stili waya laini kabisa iliyolowa mafuta, panguza, rudia. Kutu nyekundu itaondoka, ile ya kahawia iliyotulia iache. Mbao zipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na baadaye mafuta ya linsidi kiasi cha kijiko cha chai. Itundike ukutani, mbali na sakafu. Mchwa hawajali kama mti ni wa Ulaya.

Kila Idi na Krismasi wajukuu wanarudi na bunduki za plastiki zenye vidonge vya rangi. Wamebanduka ngozi, na mmoja alipigwa karibu na jicho. Ni sawa na hizo za zamani? — Bibi, Ipagala

Shikamoo Bibi. Si sawa, ila si salama kwa jicho. Vidonge vile ni vya plastiki, milimita 6, na vingi vina uzito wa gramu 0.12. Ndani kuna springi na pistoni ndogo ya plastiki yenye kizibo cha mpira, kanuni ile ile ya bunduki ya babu, ila nguvu yake ni sehemu ndogo sana. Mita 5 mbele, kwenye shati, ni mchomo tu. Kwenye jicho, kutoka mita moja, ni hospitali.

Hatari kubwa iko kwenye vidonge vyenyewe. Watoto huviokota vumbini na kuvirudisha. Mchanga unakwaruza, kidonge kinanasa, mtoto anageuza mdomo wa bunduki kuchungulia, na hapo ndipo kinapotoka. Wanunulie miwani ya plastiki ya mafundi wa kuchomelea isiyo na giza, ile nyeupe, wawe nayo kabla ya bunduki. Vidonge vilivyookotwa vitupwe. Kama bunduki ina kilo mbili, magazini ya chuma, na kopo la gesi, hiyo si ya Idi: iondoe nyumbani. Na wasitoke nayo barabarani jioni.

Ninafundisha darasa la tano. Ningependa kuwaonyesha wanafunzi mgandamizo wa hewa kwa ile bunduki ya mwanzi ya utotoni. Kila nikijaribu haitoi mlio, inasukuma karatasi tu kama bomba la sindano. — Mwalimu, Makole

Mwalimu, unaweka karatasi moja. Ni mbili. Tatizo lako lote liko hapo, lakini tuieleze vizuri kwa sababu ni somo zuri.

Kata mwanzi usio na fundo ndani, urefu wa sentimita 20 hadi 25, tundu la milimita 8 hadi 10. Mwanzi hauoti kila mahali kwetu, unauzwa na wasuka vikapu. Bua la mtama halifai kwani lina moyo ndani. Shina la jani la mpapai lina tundu safi lakini linalainika baada ya siku moja. Chonga kijiti cha kusukumia kinachoingia kwa ulaini, na ukikate kiwe kifupi kuliko mwanzi kwa sentimita 2. Kipimo hicho ndicho siri: kijiti kisifike mwisho, ili kizibo cha pili kibaki ndani tayari kwa zamu inayofuata. Weka kishikio nene ili kisizame.

Tafuna au loweka karatasi ya daftari mpaka iwe uji, ikamue, ibinye iwe kidonge kinachoingia kwa kusukumwa kwa nguvu. Kisukume cha kwanza mpaka karibu na mdomo. Tia cha pili nyuma, kisukume kwa kasi. Hewa iliyo kati yao haina pa kwenda, inabanwa, na kizibo cha mbele kinashindwa ghafla: "paa!" Cha nyuma sasa kimekuwa cha mbele. Kikianza kuvuja, ni kwamba karatasi imekauka. Ilowekwe tena. Mlio ukiwa mdogo, umesukuma polepole, hewa imepenya pembeni.

Kama mwanzi umekosekana, kalamu ya Bic iliyokwisha inafaa. Toa wino na kizibo cha nyuma, na tumia ganda la chungwa: bonyeza mdomo wa kalamu kwenye ganda, linakata kizibo chenyewe. Lakini ubavuni mwa kalamu hiyo kuna kitundu kidogo cha hewa. Usipokiziba kwa selotepu au kwa kidole, utasukuma mpaka jioni.

Wakishaona hilo, wanafunzi wako watakuwa wameelewa bunduki ya J.M. wa Kiomboi: pistoni ni kijiti, gololi ni kizibo cha mbele, na ngozi ndiyo ile karatasi yenye unyevu.

Tulipokuwa wadogo tuliamia ndege kwenye uwele kwa manati, na mpira ulikaa msimu mzima. Sasa nimewatengenezea wanangu, mpira unakatika baada ya wiki, na hauna kasi. Mpira ni wa tyubu ya baiskeli. — Mkulima, Chamwino

Mpira umebadilika, ndugu yetu. Tyubu za zamani zilikuwa za mpira wa asili, unaoruka ukiachiwa. Nyingi za leo ni za butili, iliyobuniwa ili ishike upepo muda mrefu: inavutika vizuri lakini inarudi kivivu. Tafuta mpira wa rangi ya maziwa au kahawia wa duka la dawa, ule wa kufungia mkono wakati wa kutoa damu, urefu wa sentimita 22 kila upande. Kama ni tyubu tu, kata mikanda ya milimita 15 kwa wembe mpya, kwa mkato mmoja usio na meno. Mpira huanza kuchanika palipo na jino dogo pembeni. Usiuvute zaidi ya mara tatu ya urefu wake.

Panda la mpera au mkole, unene wa kidole gumba, likauke kivulini wiki tatu kabla ya kufungwa. Funga mpira kwa uzi wa mpira mwembamba, si kwa waya, kwani waya unakata. Ngozi ya kushikia jiwe iwe sentimita 7 kwa 4, matundu ya milimita 3 yaliyo sentimita moja kutoka ukingoni. Kila asubuhi kabla ya kuitumia, vuta taratibu mbele ya mwili, uso ukiwa pembeni, uangalie nyufa. Mpira ukikatika unarudi machoni mwa mvutaji. Ukimaliza, funga manati kwenye kitambaa na poda kidogo ya mtoto, iweke gizani. Jua la Chamwino linaupasua mpira ulioachwa kwenye uzio kwa siku chache.

Badala ya mawe, tengeneza vidonge vya udongo wa kichuguu. Twanga, chekecha, sehemu 3 kwa moja ya mchanga laini ili visipasuke vikikauka, maji kidogo, finyanga vya milimita 15. Vikauke kivulini siku tatu, usivichome. Kila kimoja ni kama gramu 3, kinapasuka kikigonga bua na kutawanya vumbi, tofauti na jiwe. Kwelea kwelea huja kwa makundi alfajiri na alasiri, kwa hiyo lenga juu ya masuke wanapotaka kutua, na mwingine agonge debe. Kupiga mmoja hakupunguzi kitu, na kuwinda ndege kwa kibali ni jambo jingine chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Vidonge mia moja vinaenea kwenye kopo la kilo moja la mafuta bila tabu, na mtoto mmoja anavimaliza kabla ya saa tatu asubuhi, kwa hiyo finyanga vya kesho leo jioni.